Pumzi ya Gilbert

Nilikuwa jikoni nakaanga samaki wa heringi niliposikia pikapu ya wifi yangu Effie ikifunga breki nje, kokoto zikaruka mpaka dirishani. Hapa Port Voran, kijiji chetu cha kisiwani, mtu hafungi breki namna ile isipokuwa kuna kondoo katikati ya njia, na mbele ya nyumba yangu hapakuwa na kondoo. Nikatoka na mwiko mkononi.

Effie alikuwa ameshashuka. Nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya chakula cha ndama, alikuwa amelikunjakunja turubai kubwa la tangazo, kamba zake zimekatwa kwa kisu. Kwenye kipande kilichoning'inia nje niliona jicho la mtu. Jicho kubwa kama sinia, limekunjamana pembeni kwa kicheko. Nikalijua papo hapo. Lilikuwa jicho la baba mkwe wangu, mzee Gilbert MacIndeor, ambaye tulimzika miaka mingi iliyopita.

"Yuko wapi?" Effie akaniuliza.

"Nani?"

"Mumeo. Yuko wapi huyo muuza maiti?"

"Wifi, ingia ndani kwanza."

"Siingii. Mwambie atoke."

Sorley, mume wangu, ni mdogo wake Effie. Ndiye anayeisimamia ile mitungi mikubwa ya shaba ya kukenekea pale Ardvoran, kiwanda cha wiski kilichoko mwisho wa barabara yetu, na siku ile alikuwa ametoka zamu ya asubuhi. Effie ana shamba la ng'ombe huko juu, hana mume, wala hana mtu wa kumwambia nyamaza. Tangu baba yao afe hajakanyaga kiwandani. Hata machicha ya shayiri, ambayo wafugaji wa kisiwa kizima huyagombania, yeye hayataki. Watu walikuwa wakimcheka kwamba ng'ombe wake wanalala njaa kwa kiburi cha mwenyewe. Walimcheka akiwa mbali.

Sorley akatoka na soksi miguuni. Effie akalivuta turubai, akalitandaza juu ya majani mbele ya mlango, akalinyoosha kwa buti. Mzee akatokea mzima: amesimama kinamasini na jembe la kukatia mboji, ule udongo mweusi wa kinamasi tunaouchoma kama kuni, kofia imeinama upande, anacheka kama alivyokuwa akicheka alipoambiwa mvua imekwisha. Picha ile ninayo kabatini. Chini yake waliandika kwa herufi za dhahabu: PUMZI YA GILBERT.

"Lilikuwa limetundikwa gatini," Effie akasema. "Wageni wanashuka kwenye feri wanasimama mbele yake wapigwe picha. Mmoja ananiuliza mimi kama najua chupa zinauzwa wapi. Mimi!"

Sorley akajitetea. "Waliniomba picha, dada. Wakasema wanatengeneza wiski ya tamasha la kiwanda, ya moshi mzito kama ile ya zamani, na wanataka kumuenzi mzee."

"Ukawapa."

"Nikawapa. Kosa liko wapi? Baba alifanya kazi pale maisha yake yote."

"Ulisoma walichoandika?"

"Nilisaini ruhusa ya picha tu. Hayo ya kuandika ni yao."

Effie akachomoa chupa kutoka kwenye mfuko wa koti, akamtupia kifuani. Sorley akaidaka. "Haya soma sasa. Soma kwa sauti, na mkeo asikie."

Akaigeuza nyuma, akaanza. "Mzee Gilbert aliipenda Ardvoran kuliko nafsi yake. Hapa ndipo alipovuta pumzi yake ya mwisho, katikati ya moshi alioupenda. Vuta pumzi hiyo. Onja..." Hapo akaishusha chupa.

Niseme mzee alikufaje, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mume wangu hakuweza kuyamaliza maneno yale. Alikuwa akifanya kazi kwenye mapipa ya kuchachushia, yale ya mbao marefu kupita nyumba. Shayiri ikichacha humo hutoa hewa nzito isiyo na rangi, na pipa likishamwagwa hewa ile hubaki chini imelala. Ndiyo maana kuna feni ya kuitoa kabla mtu hajashuka kusugua. Feni ile ilikuwa imeharibika. Wafanyakazi walisema, wakarudia kusema. Msimamizi akajibu kwamba oda zinasubiri, asiyetaka kushuka aende nyumbani. Mzee akashuka ngazi na brashi yake. Alivuta pumzi moja, ya pili hakuipata. Wenye kiwanda wa wakati ule wakatangaza kwamba alijiingiza mwenyewe kwa uzembe, na uongo huo ukasimama. Wenye kiwanda wa sasa walinunua maghala, mitungi, jina, na uongo wakaukuta ndani wakakaa nao kama samani.

"Pumzi," Effie akasema. "Katika maneno yote ya dunia wameona pumzi. Na wewe umewapa na uso wa kubandika."

"Sikujua!"

"Hukuuliza. Wewe huulizi kamwe. Ukipigwa begani na mtu wa Edinburgh, mkia unaanza kutikisika."

Hilo lilimchoma. Sorley si mtu wa kelele, ila siku ile alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Na wewe je? Wewe umefanya nini zaidi ya kununa? Mimi napita mbele ya lile pipa kila siku ya Mungu. Kila siku, Effie! Naliona, nalinusa, nakwenda kazini. Wewe umejifungia na ng'ombe wako unajiona wewe peke yako ndiye uliyefiwa!"

Heringi zikaungua. Nilizisikia na sikwenda. Nilikuwa nimekumbuka jambo baya zaidi.

"Nyinyi," nikasema. "Kuna aliyemwambia Mama?"

Wote wawili wakageuka kunitazama. Tulipanda pikapu ya Effie watatu, tumebanana, mimi nikiwa bado na mwiko wangu.

Mama Bella, mjane wa mzee Gilbert, anaishi peke yake karibu na kanisa. Mlangoni tulikuta baiskeli ya kukodi imeegemezwa. Ndani, mgeni mmoja mrefu mwenye ndevu za mvi, Mjerumani aliyeitwa Detlef kama tulivyojua baadaye, alikuwa ameketi kwenye kiti cha mzee, kikombe cha chai mbele yake, skonzi imeumwa mara moja tu. Alikuwa analia. Analia hasa, machozi yanaingia ndevuni. Mezani ilisimama chupa.

"Kaeni," Mama akasema. "Huyu bwana amekuja kuniomba nimsainie chupa yake. Amekuja kwa baiskeli na upepo wote huu."

"Mama..." Sorley akaanza.

"Nilivaa miwani nikasoma. Kisha nikamwambia ilikuwaje. Kila kitu nimemwambia, hata rangi aliyokuwa nayo Gilbert walipomleta." Akamsogezea Detlef sahani. "Kula, mwanangu. Wewe huna kosa."

Yule bwana akasimama, akasema kwa shida kwamba haitaki tena chupa ile, anaomba radhi, anaomba radhi sana. Akaondoka, upepo ukimyumbisha na baiskeli yake njia nzima. Mama akamngoja apotee kwenye kona ndipo akamgeukia mwanawe.

"Picha umetoa wewe?"

"Mimi, Mama."

"Ungeniuliza."

"Nilitaka iwe zawadi. Ningekuleta siku ya tamasha, uione."

"Basi nitakuja," Mama akasema. "Zawadi haikataliwi."

Namjua mama mkwe wangu. Akikasirika kidogo hugombana na watu. Akikasirika sana hutengeneza nywele. Jioni ile alinituma dawa ya kuosha nywele, na koti lake la kanisani alilitundika dirishani lipate hewa.

Kesho yake Sorley akaenda kwa meneja. Nilimfuata kwa sababu niliogopa angempiga mtu. Meneja anaitwa Crispin Haldane, kijana wa kutoka bara, ana koti la sufu la bei na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Alitukaribisha vizuri sana. Watu wa aina ile hukukaribisha vizuri hata wakikuzika.

Sorley akamweleza. Alieleza polepole, feni, msimamizi, ngazi, yote. Crispin alisikiliza kichwa kimeinama upande.

"Nakuelewa kabisa, Sorley. Kabisa. Tunauheshimu sana urithi wa familia yenu."

"Basi ondoa jina. Picha ondoa, maneno ondoa."

"Chupa zimeshabandikwa lebo. Wateja wameshafika. Mwakani tukikaa tukalizungumza upya, mimi sina tatizo."

"Mwakani?"

"Halafu, tuseme ukweli kati yetu." Akatabasamu. "Si hapa ndipo alipofia? Sijaona tulipoandika uongo."

Nilimshika mume wangu mkono. Ulikuwa mgumu kama gogo. Nilidhani atamrukia, na nakiri kwamba sehemu ya moyo wangu ilikuwa ikiomba amrukie. Hakumrukia. Alimtazama tu, kisha akasema, "Kumbe unajua. Nilidhani hujui," akatoka. Alipofika nyumbani akaingia bandani akavunja kiti kizima kizima, kiti kisicho na hatia, na mimi nikamwacha avunje.

Siku ya tamasha kulikuwa na jua kali, jambo ambalo hapa kwetu hutokea kama kwa makosa. Foleni ilianzia langoni ikashuka mpaka ufukweni, watu wamening'iniza glasi shingoni, Waswidi, Wajapani, Waholanzi, wapiga zumari za mfuko wamevaa sketi zao za miraba ya tartani uwanjani, na moshi wa mboji kutoka kwenye tanuri la kukaushia shayiri umelala juu ya paa kama kawaida. Ule moshi nimeuzoea hata siunusi tena, lakini siku ile niliunusa. Chini ya hema jeupe karibu na jukwaa walikuwa wamepanga makasha ya Pumzi ya Gilbert hadi juu. Walikuwa wameshachapisha turubai jingine. Mzee akacheka juu ya vichwa vyetu.

Sorley alikuwa zamu ndani. Mama nilimleta mimi. Watu wa kisiwa walipomwona katika koti lake jeusi walipisha njia bila kuambiwa. Wanaume wakavua kofia. Wageni nao wakapisha wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Crispin alipomaliza hotuba yake ya kukaribisha, Mama akapanda jukwaani. Hakuomba ruhusa. Crispin akamwona mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe nadhifu, akafurahi, akampa kipaza sauti mwenyewe.

"Mimi ni Bella," Mama akasema. "Huyo mliyemtundika hapo ni mume wangu."

Makofi. Alingoja yaishe.

"Msipige makofi. Mume wangu hakufia kwenye moshi. Alifia ndani ya pipa, kule, jengo lile lenye mlango mwekundu. Feni ilikuwa mbovu na walijua ni mbovu. Walimwambia ashuke. Akashuka, akakosa hewa, akafa kama paka aliyefungiwa ndani ya gunia. Halafu wakasema ni mzembe. Niliishi na mtu yule, alikuwa akifunga kamba za viatu mara mbili mbili. Mzembe! Sasa wameitia pumzi yake ndani ya chupa. Nimekuja kuuliza swali moja tu. Nani kati yenu ataimeza?"

Mpiga zumari mmoja, mfuko wa zumari yake ukatoa mlio mdogo wa kuishiwa upepo, akaubana kwapani kwa aibu. Mwanamke mmoja wa Kijapani aliyekuwa mbele kabisa akainama, akaiweka glasi yake chini kwenye mawe. Aliyekuwa nyuma yake akaweka. Nikasikia glasi moja moja zikigusa mawe.

Na kama Crispin angenyamaza hapo, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini kuna watu hawajui kunyamaza. Akamwendea Mama, akamwekea mkono begani, akakichukua kipaza sauti taratibu kutoka mkononi mwake kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi.

"Asante sana, Bibi Bella. Jamani, mnaona? Mimi hapa nywele zimenisimama. Hii ndiyo Ardvoran! Wengine wanauza wiski. Sisi tunauza watu wetu, machozi yao, maisha yao. Hadithi kama hii ndiyo iliyomo ndani ya kila chupa mnayoiona pale..."

Nilisema Effie hajakanyaga kiwandani tangu baba yake afe. Siku ile hakukanyaga pia. Alikuja na trekta.

Alikuwa amelisimamisha nje ya lango tangu asubuhi, na nyuma yake tangi la samadi ya maji, ile ya kumwagia majani. Hakuna aliyemshangaa, mfugaji na samadi yake ni jambo la kila siku. Tulisikia injini inawaka. Langoni watu wakatawanyika. Akaingia kinyumenyume, taratibu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kurudisha trela kwenye zizi, mpaka mdomo wa tangi ukalielekea hema jeupe.

"Tokeni hapo!" akapaza sauti. "Mwenye mtoto achukue mtoto! Sitaki kumpata mtu!"

Watu wakakimbia. Crispin akaruka kutoka jukwaani akaenda kusimama mbele ya makasha, mikono ameitandaza.

"Wewe mama! Zima hicho kitu! Unajua hizi chupa ni za bei gani?"

"Naijua bei yake kuliko wewe," Effie akamjibu. "Sogea."

"Sisogei!"

"Basi usije ukasema sikukuonya." Akavuta wenzo.

Siwezi kuieleza harufu ile, na mliokulia mjini bora msiijue. Ilitoka kwa kishindo, kahawia, pana kama mlango. Makasha ya juu yakadondoka, ya chini yakalowa, lebo zikabanduka, hema likalala. Turubai jipya likapata lake, uso wa mzee ukafunikwa, na nikafurahi kwa ajili yake, maana angecheka mpaka akae chini. Crispin hakuumia. Aliteleza tu, akaanguka, akasimama, akateleza tena. Mama alibaki pale pale jukwaani, mikono ameikunja tumboni, anatazama. Upepo ulikuwa upande wake. Hata tone halikumgusa.

Tangi lilipokauka, Effie akazima injini, akaketi kwenye usukani akingoja. Konstebo Ruaridh, ambaye ni binamu yake, akaja akiwa ameziba pua na kofia.

"Dada Effie, umenitia matatani."

"Nikamate basi."

"Nikupakie vipi kwenye gari langu, na unanuka hivyo? Washa trekta lako unifuate kituoni."

Wakaondoka hivyo, konstebo mbele, trekta nyuma, na watu wa kisiwa wakisimama pembeni mwa barabara. Hakuna aliyeshangilia. Walisimama tu kama wanavyosimama jeneza likipita.

Jioni ile ile mtu wa tanuri, Fearchar, alitoka nje, akaifunga ile milango ya chuma akaipiga komeo. Akasema haweki mboji tena motoni mpaka mwenye kiwanda aende kwa Bella aseme kwa mdomo wake feni ilikuwa mbovu na Gilbert alitumwa. Sorley akaizima ile mioto chini ya mitungi yake, akavua glavu akaziacha juu ya bomba. Wa mapipa wakafuata. Wa maghala wakafuata. Hapakuwa na mkutano wala kura.

Mliowahi kuona shayiri ikioteshwa mnajua kwamba haisubiri mgomo wa mtu. Ukiitandaza sakafuni inachipua, na ukishaiona imefika lazima uikaushe kwa moto, la sivyo inaendelea kuota. Ile ya Ardvoran iliendelea kuota. Vimizizi vikashikamana, sakafu nzima ikawa kama zulia, kisha zulia likaanza kunuka ukungu. Crispin alileta vijana kutoka bara wawashe tanuri. Vijana walishuka kwenye feri, wakaelezwa na mwenye baa ni moto wa nini, wakanywa bia moja, wakapanda feri ile ile kurudi.

Lakini msidhani kwamba ndani ya nyumba yetu kulikuwa na amani. Effie alikuja siku moja akamkuta Sorley anakata kuni uani.

"Sasa umepata ulimi," akamwambia.

"Nimepata. Umefurahi?"

"Sijafurahi. Ungekuwa nao tangu mwanzo, mama yetu asingepanda jukwaani kama kikaragosi."

"Nimeshakosea, Effie! Unataka nipige magoti?"

"Nataka unikasirikie tena kama siku ile. Ulikuwa mtu, siku ile. Miaka yote hii umekuwa kama mgeni anayeogopa kuchafua zulia la watu."

Sorley akaliinua shoka akalipiga kwenye gogo likazama mpaka mpini. "Nakukasirikia kila siku," akasema. "Nilibaki na lile pipa peke yangu. Ulikwenda zako mlimani ukaniachia nilitazame peke yangu."

Effie akainama, akaanza kukusanya kuni zilizokwisha kukatwa, akazipanga ukutani moja baada ya nyingine, na wakaendelea hivyo, mmoja akikata, mwingine akipanga, bila kupatana.

Hatimaye wenye kiwanda wakamtuma mkubwa wao kutoka Glasgow, mama mmoja anayeitwa Bi. Ogilvie, mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Wanasheria walikuwa wamemkataza, alituambia mwenyewe. Alikaa jikoni kwa Mama, sisi watatu tukiwa tumesimama ukutani. Mama hakuwasha jiko. Katika kisiwa hiki hata mtoza kodi hupewa chai.

Bi. Ogilvie akasema. Feni ilikuwa mbovu. Kampuni ya wakati ule ilijua. Bwana Gilbert aliamriwa kushuka, hakuwa mzembe. Lile jina la chupa lilikuwa aibu, na halitatumika tena.

"Umesema vizuri," Mama akamwambia. "Sasa toka nje ukaseme."

"Nje?"

"Wale walisema mume wangu ni mzembe wakiwa nje, mbele za watu. Hawakuja kuninong'oneza jikoni."

Nje, kando ya ukuta wa kanisa, wafanyakazi wote wa Ardvoran walikuwa wamekusanyika, na wake zao, na mwenye baa, na mchungaji. Bi. Ogilvie alisimama mlangoni muda mrefu akivivuta vidole vya glavu yake. Nilidhani atakataa. Akatoka mpaka langoni, akasema.

"Hatusikii!" Fearchar akaita.

Akasema tena, kwa sauti, neno kwa neno, uso umemwiva. Alipomaliza hapakuwa na makofi. Fearchar akavaa kofia yake, akatembea kuelekea kiwandani kuitupa shayiri iliyooza, na wengine wakamfuata.

Crispin alihamishwa. Effie alikwenda mahakamani bara, na hakimu alipomuuliza kama anajuta alisema anajuta tangi halikuwa limejaa vizuri. Faini ikaongezwa. Akalipa, hakutaka achangiwe.

Jioni ya siku ile ya Bi. Ogilvie, wote tulirudi jikoni kwa Mama. Tulitegemea atalia, au atacheka, au atalala. Alikuwa ameketi wima kama alivyokuwa ameketi asubuhi.

"Basi, Mama," Sorley akamwambia. "Wamesema. Dunia nzima imesikia. Roho yako itulie sasa."

"Haijatulia."

"Unataka nini tena? Tuambie, tutawadai."

"Namtaka Gilbert," Mama akasema. "Wanaye? Wanaweza kunipa?"

Sorley akavuta kiti, akaketi.

"Basi msiniambie nitulie. Mtu akikuibia mume, akakurudishia kofia ya marehemu, humwambii ahsante. Nitakufa na hasira yangu, na mchungaji asije hapa kuniombea initoke. Ni yangu. Nimeilea kuliko nilivyowalea nyinyi."

Akasimama, akavaa buti zake mlangoni, akaenda kuwafungia kuku. Tulimsikia kule nyuma akiwagombeza mmoja mmoja.